Siku nane kusini: safari ya Newala na swali tulilolichelewesha

Nimerudi nyumbani wiki tatu sasa. Haya nayaandika kutoka kwenye daftari dogo nililokuwa nalo mkobani na picha za kwenye simu, nyingi za barabara na mapaa, chache mno za watu. Sababu ya uchache huo mtaiona mbele.

Kwanza niseme nilifuata nini. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama katika parishi yetu hapa Dar es Salaam. Mwaka 2023 tulichanga, tukanunua simtanki la lita 5,000 na kulipeleka kwenye kanisa dogo la kijiji kimoja cha Newala, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, livune maji ya mvua kutoka kwenye paa la kanisa. Picha zikaja, tukashangilia. Mwaka huu tukachanga tena, shilingi 1,400,000, kwa ajili ya tanki la pili. Nilipompigia katekista wa pale kumpa habari njema, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Tunashukuru, mama. Hata lile la kwanza lipo, halina neno."

Hilo "lipo" lilinikaa kifuani. Tanki la maji mahali penye kiu husifiwa kwa kazi yake, si kwa kuwapo. Nikawaomba wenzangu tusitume kitu mpaka mmoja wetu aende akaone. Nauli nilijilipia.

Siku ya 1, Jumatatu 8 Septemba: Dar es Salaam hadi Masasi

Basi liliondoka Mbagala saa 12:20 asubuhi, nauli 38,000. Mkuranga na Kibiti nilizipita nikisinzia. Niliamka kwenye Daraja la Mkapa, mto Rufiji ukiwa chini, mpana na mtulivu. Daraja lina mita 970, lilifunguliwa 2003. Jirani yangu wa kiti, baba mmoja wa Mtama, alinisimulia enzi za kivuko, jinsi walivyolala ng'ambo siku tatu masika moja, na mama mmoja wa Ikwiriri akawapikia uji abiria asiowajua, asubuhi zote tatu. "Jina lake sikuliuliza," akasema, "na mpaka leo inaniuma."

Somanga tulipita polepole. Mvua za kimbunga Hidaya, Mei 2024, ziliikata barabara hii maeneo hayo, na matengenezo yalikuwa bado yanaendelea. Samaki wa kukaanga wa Somanga nilinunua kwa 3,000, wa moto, nikamla na muhogo.

Nangurukuru ndipo nilipoandika sentensi ya kwanza ya maana katika daftari. Mzee mmoja asiyeona alikuwa akishuka kwenda msalani. Kijana aliyekaa mbele akaruka kwa moyo mwema kabisa, akamkamata mkono na kuanza kumvuta. Mzee akayumba, fimbo ikaanguka. "Usinishike, mwanangu," akasema bila hasira. "Ukinishika wewe, sijui unanipeleka wapi. Niache nikushike mimi." Konda akaja, akasimama mbele yake, akamwuliza, "Mzee, nikusaidieje?" Mzee akaweka kiganja juu ya bega la konda, wakaenda zao sawasawa.

Nilibaki nikimfikiria Bartimayo, yule kipofu wa Yeriko aliyepiga kelele kando ya njia mpaka umati ukamkemea. Kila mtu pale aliona kwamba ni kipofu. Hata hivyo Bwana alimwuliza anataka afanyiwe nini. Nimelisikia somo hilo tangu shule ya Jumapili, na siku zote nililichukulia swali lile kama la kupitia tu kuelekea muujiza. Pale Nangurukuru niliona kwamba mtu aliyenyamazishwa na umati alirudishiwa kwanza sauti yake, ndipo macho.

Kabla ya Lindi tairi lilipasuka, tukakaa saa mbili kando ya barabara. Mama wa nyumba ya karibu alileta mkeka na ndoo ya maji, akakataa hela. Masasi tukaingia saa 2 usiku. Chumba cha wageni 20,000, chandarua kizima, maji ya ndoo.

Kwa watakaofuata: keti upande wa kushoto wa basi ukitoka Dar, jua la mchana halitakupata sana. Beba maji yako. Usipange miadi Masasi jioni ya siku ya safari.

Siku ya 2, Jumanne: Masasi na Mtandi

Nilikuwa na siku moja ya mapumziko, nikapanda bodaboda (2,000) kwenda Mtandi, chini ya lile jabali kubwa, kwenye kanisa kuu. Sisi Waanglikana tuliolelewa Dar husikia tu kwamba imani yetu kusini ilianzia Masasi. Kusimama pale ni jambo jingine.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokuwa watumwa, wakiwa wamekombolewa. Nia ilikuwa kufika nao ziwa Nyasa. Walipofika Masasi watu wale waliipenda ardhi, wakaona wamekaribia makwao, wakataka kubaki. Steere alikuwa na mpango wake, ramani yake na wafadhili wake huko Uingereza. Alikubali wabaki. Miaka sita baadaye, 1882, Wamagwangwara, yaani Wangoni, waliishambulia Masasi na kuteka watu. Mwaka 1905, wakati wa Maji Maji, misheni ilichomwa moto. Makao yale yalianza upya zaidi ya mara moja.

Padri mmoja mstaafu, mwembamba, amevaa sweta kwenye jua la saa 4, alinikuta nikizunguka peke yangu, akanikaribisha kibarazani kwake. Nilimweleza safari yangu. Hakunipa ushauri. Alinisimulia habari za Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944. Wamisionari wengi wa wakati ule walipoona jando waliona giza tupu, wakapiga marufuku. Lucas na mapadri Waafrika, waliokuwa wamezaliwa ndani ya mila hizo, walikaa na kuuliza jando linafanya kazi gani katika maisha ya mtoto: nani anamfundisha, anaingizwa katika undugu gani, akikosa anapoteza nini. Ndipo likazaliwa jando la Kikristo, lenye pori lake, walezi wake na sala zake. "Upande wa wasichana ulikuwa mgumu zaidi," padri akasema. "Wanaume hawakuwa na namna ya kuingia kule kusikiliza."

Kisha akaniuliza kijijini nitakaa siku ngapi. Nikamwambia nne au tano. Akacheka kidogo. "Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo walikuwa marafiki wazuri. Waliharibu walipofungua midomo."

Alinipa chai ya maziwa na ming'oko ya kuchemsha. Ukiikuta, ile viazi vya porini vyembamba kama vidole, usiipite. Menya ganda, tia chumvi kidogo.

Siku ya 3, Jumatano: Masasi hadi Newala

Gari dogo la abiria, 5,000, tulibanana wanne kiti cha watatu. Barabara ina vipande vya lami na vipande vya vumbi. Kupanda uwanda ndiko kunakopendeza: unaacha joto chini, hewa inapoa, mikorosho inaanza kukufuata pande zote mbili. Septemba imechanua, na harufu yake tamu inaingia mpaka ndani ya gari.

Kwa watakaofuata: chukueni sweta, usiku wa Newala una baridi ya kushangaza. Fedha taslimu toeni mjini, kijijini hakuna mashine, na wakala wa simu anaweza kukosa salio. Ndoo ya lita 20 nilikuta inauzwa 500, na kiangazi kikikaza inapanda. Ukioga kwa mwenyeji, kumbuka hesabu hiyo.

Bodaboda hadi kijijini 6,000. Katekista na mkewe walinipokea kama ndugu aliyepotea. Kabla sijakaa nikataka kuliona tanki. Liko ubavuni mwa kanisa, jeusi, limesimama vizuri juu ya msingi wa mawe. Nililigonga kwa kifundo cha kidole kuanzia juu kushuka chini, kama tunavyofanya nyumbani. Mlio ulikuwa mtupu, mtupu, halafu katikati ukawa mzito. Nusu tanki! Moyo wangu ukafurahi: Septemba, na maji bado yapo.

Nilikuwa nimekwishaanza kurudi nyumbani kwa katekista nilipotambua nilichokisikia. Mvua zilikoma zamani. Wanawake niliowapita njiani walikuwa na ndoo tupu vichwani. Katika kijiji chenye kiu, tanki la lita 5,000 lililojaa nusu mwezi wa 9 halinywewi. Koki ilikuwa na kufuli.

Siku ya 4, Alhamisi: mkutano, kisha korosho

Mkutano uliitishwa kwa ajili yangu. Walikuja watu kama arobaini. Nilipewa kiti cha plastiki chenye mikono, wao wakakaa kwenye mabenchi na mikeka. Niliuliza kuhusu tanki. Wakajibu kwamba maji ni safi, kwamba Mungu atubariki, kwamba tusiwasahau. Niliandika kurasa mbili ambazo hazina kitu. Sikulaumu mtu. Kiti kile peke yake kilitosha kuwaambia jibu ninalolitaka.

Jioni mke wa katekista alikuwa uani na majirani watatu wakibangua korosho za kula nyumbani, zile zilizobaki za msimu uliopita. Nikaomba nifundishwe. Maganda ya korosho yana mafuta yanayochoma ngozi, na mmoja wao, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, alinishika viganja bila kusema akanipaka majivu. Tuligonga korosho kama saa nzima. Tulizungumza uzazi, ada za shule, salfa ya kupulizia mikorosho. Mimi nilivunja nyingi kuliko nilizotoa nzima.

Giza lilipoingia, mama yule kijana akasema, akiangalia korosho yake, "Ule ufunguo, mama. Ukitaka maji umfuate baba katekista, na yeye huwa shambani. Na ukimpata, lazima uandike daftari."

"Daftari gani?"

Kimya. Mke wa katekista akainuka kuchochea moto.

"La kwenu," akasema yule mama.

Daftari lile lilikuwa langu. Mwaka 2023 niliandika barua nzuri, yenye mhuri wa kikundi, nikiomba orodha ya wanufaika: jina, umri, idadi ya ndoo, na picha kila inapowezekana, ili wachangiaji waone. Nilidhani nalinda sadaka za watu. Usiku ule sikulala upesi.

Kwa anayekwenda mahali kutaka kujua hali ya watu: usianze na mkutano. Tafuta kazi ya mikono inayofanyika jioni, ukae chini ilipokaa.

Siku ya 5, Ijumaa: kushuka na bibi

Mama kijana alinipeleka alfajiri kwa bibi mmoja anayeishi mwisho wa kijiji, ukingoni kabisa. Umri wake yeye mwenyewe hakuutaja, nami ninamkadiria miaka sabini na zaidi. Anaishi na mjukuu wa miaka tisa. Maji ya bomba ya mradi wa Makonde hufika kwa zamu, na zamu ilikuwa imepita wiki mbili. Hela ya ndoo hakuwa nayo. Siku kama hizo hushuka chemchemi.

Tuliondoka saa 11 alfajiri, mwezi ukiwa bado juu. Njia inateremka ukingoni kwa kona kali, mawe yanateleza, na upande wa kusini, kulipopambazuka, bonde lote la Ruvuma lilifunguka hadi Msumbiji. Kushuka ni kama saa moja. Chemchemi yenyewe ni dimbwi dogo. Unachota kwa kikombe, unasubiri lijae, unachota tena. Bibi alijaza lita 20. Mimi nilijaza ndoo ya lita 10.

Nilimwuliza lile swali ambalo kila mgeni huuliza: kwa nini wazee walijenga juu, mahali pasipo maji? Hakuona ni swali la kijinga. "Maji yako chini, na waliokuwa wakiteka watu walipita chini," akasema. "Bibi yangu alizaliwa kichakani, juu, kwa sababu mama yake alikuwa anakimbia. Kiu unaibeba. Mtoto aliyechukuliwa humbebi tena." Nikakumbuka ule mwaka niliousikia Mtandi, 1882. Kwangu ulikuwa tarehe ya misheni. Kwake ni sababu ya kupanda kilima na ndoo.

Kupanda kulichukua zaidi ya saa mbili. Nilipumzika mara nyingi sana. Yeye alisimama kila niliposimama, hakuketi, na mzigo ukiwa kichwani aliniambia habari za mumewe aliyefariki, aliyekuwa fundi wa visima. Nilipofika juu ndoo yangu ilikuwa na kama nusu. Aliitazama, akamimina yote kwenye mtungi wake kwa uangalifu, asipoteze tone, akaniambia "ahsante, mwanangu" kana kwamba nimeleta bahari.

Kisha akanionyesha kisima. Nyumba nyingi nilizoziona kule zina kisima cha chini ya ardhi, kimechimbwa na kupigwa saruji, kinachopokea maji ya paa la bati wakati wa mvua. Cha kwake ni kizuri kuliko vyote nilivyoviona: kirefu, mdomo wa duara, ngazi za chuma ndani. Kazi ya mumewe. Kilikuwa kikavu, na majani yamejaa chini. Nikatazama juu. Paa lake ni la nyasi.

"Bati tuliuza alipougua," akasema. "Miaka minne sasa. Nyasi hazileti maji kisimani, zinaleta uchafu."

Miaka miwili sisi tumekuwa tukisema kijiji kile kina shida ya matanki. Bibi huyu alikuwa na tanki chini ya miguu yake, bora kuliko letu.

Nikamwuliza kwa nini basi asichote la kanisani. Akakaa kwenye kizingiti. Alikuwa amechota mara moja, mwaka juzi. Yeye ni Mwislamu, alisita kwenda, akashawishiwa, akaenda. Aliandikwa daftarini. Akaambiwa ashike ndoo, atazame huku. Baadaye kijana wa ukoo wa mumewe alimwonyesha ile picha kwenye simu, imezunguka mpaka ikarudi kwao, na chini yake yameandikwa maneno. "Walisema marehemu, fundi wa visima, amemwachia mkewe kuomba maji."

Nilimjua. Tangu tulipofika chemchemi sura yake ilikuwa ikinisumbua. Picha ile iko kwenye ubao wa matangazo wa parishi yetu, upande wa kulia wa mlango, imebanwa kwa pini nne. Maneno ya chini niliyaandika mimi: "Bibi mjane apata maji kwa sadaka yako."

Nilimwambia. Sikuweza kubaki nimeketi pale na kukaa kimya. Nikamwomba radhi. Hakunijibu upesi, aliendelea kuokota majani mdomoni mwa kisima. Ndipo nikamwuliza, kwa sauti iliyonikauka, "Bibi, ungependa tufanye nini?"

Nilikuwa tayari kusikia bati. Nilikwishapiga hesabu kichwani wakati wa kupanda.

"Kwanza ile picha itoke," akasema.

Baada ya hapo tukazungumza mpaka jua la utosi. Bati anataka, lakini si peke yake. Kuna wajane wengine wanne wenye visima vikavu na mapaa ya nyasi, na akiezekwa yeye tu hatakaa kwa amani na jirani. Na hataki kupewa bure. Ana mikorosho kumi na miwili. Chama cha ushirika kikilipa baada ya mnada, yeye atarudisha nusu, hata kama ni misimu miwili. Ninanukuu daftari langu: "Nikilipa, litakuwa paa la kwangu."

Siku ya 6, Jumamosi: katekista

Nilimkasirikia katekista usiku mzima, kisha asubuhi nikamkuta ameketi nje akinisubiri. Alijua nimekwishajua. Kufuli aliliweka baada ya watoto kuiacha koki wazi na maji ya wiki nzima kumwagika. Daftari aliliona ni amri ya wafadhili. Alijua watu wameacha kuja, na aliogopa kutuambia, tusije tukakichukia kijiji na kukiacha. Analipwa kidogo mno, anatembea kwa miguu vituo vitatu kila wiki. Hakuna aliyewahi kumwuliza naye anahitaji nini. Hasira yangu ikaisha nikiwa bado nimeshika kikombe cha chai.

Alasiri wazee wa kanisa na wazee wawili wa msikiti walikaa chini ya mwembe kuhusu ufunguo. Sikuhudhuria, ingawa nilialikwa. Mpaka naondoka hawakuwa wameafikiana nani aushike. Daftari lilifungwa siku ile ile.

Newala mjini nilipita madukani kuulizia tu: bati moja la geji 30 lilikuwa 27,000. Sikununua.

Siku ya 7, Jumapili

Misa saa 2, nyimbo bila kinanda, vizuri mno. Nilipopewa nafasi ya salamu nilisema salamu, nikakaa.

Mchana walinipeleka Shimo la Mungu, pale ukingo wa uwanda unapokatika ghafla na dunia kuonekana chini yako. Nendeni jioni, jua likiwa nyuma ya bonde, na msisogee ukingoni na watoto. Huko ndiko nilikopiga picha nyingi. Mjukuu wa bibi alikuja nasi, akaomba nimpige. Nilimwambia akamwulize bibi yake kwanza. Alikimbia kwenda na kurudi, akihema: amekataa. Basi.

Siku ya 8, Jumatatu 15 Septemba: kurudi

Basi la alfajiri moja kwa moja hadi Dar, 42,000. Safari ndefu, haina la kusimuliwa. Mkobani nilikuwa na kilo mbili za korosho kutoka kwa majirani wa uani na bahasha ya 1,400,000 ambayo sikuifungua.

Bahasha hiyo imenigharimu. Kwenye kikao mama mmoja ninayemheshimu sana aliuliza kwa uchungu, "Yaani ulikwenda na hela ukarudi nazo, na watu wana kiu?" Ana haki ya kuuliza. Nilisoma maneno ya bibi kama nilivyoyaandika. Wengine waliona habari ya kurudisha nusu ni kugeuza sadaka kuwa biashara. Wengine walinyamaza. Tumekubaliana wawili waende Oktoba, mmoja wao akiwa yule mama aliyeuliza, wakae na wale wajane watano wenyewe kabla bati lolote halijanunuliwa. Mvua huanza Novemba au Desemba, muda upo lakini si mwingi.

Jioni ya kikao nilikwenda kwenye ubao. Nikachomoa pini nne. Nyuma ya picha mbao ilikuwa na rangi mbichi, pembe nne, jua halikuwa limeifikia. Nikapiga simu kwa mama kijana, naye akatembea nayo mpaka kwa bibi.

"Imetoka," nikamwambia.

"Unayo mkononi?"

"Ninayo."

"Ichane, nisikie."

Nikaweka simu karibu, nikaichana.